Fahali wa Kuwekwa

Siku pampu mpya ilipofunguliwa pale sokoni, mwendo mfupi kutoka Iguhu, Rosebella Kageha alikinga kikombe chake, akayazungusha maji mdomoni kama anayeonja chai ya kwa mkwe, akatangaza kwamba ni matamu. Kisha akasema maji matamu ya bure yana mizizi, na yeye angependa kujua mizizi hiyo imeingia shamba la nani.

Jirani yake Gentrix, ambaye mgongo wake ulikuwa umebeba madumu ya mtoni tangu aolewe, alimwambia anywe anyamaze.

"Si nakunywa?" Rosebella akasema. "Kwani nimekataa?" Akakinga tena.

Maji yale yalitoka kwa Wakubwa. Hilo ndilo jina ambalo Rosebella aliwapa watu wa taifa lile kubwa la ng'ambo, na jina lao halisi alikataa kabisa kulitamka mbele za watu, kwa kuwa mjukuu wake Nehemiah alikuwa ameomba viza ya kwenda kusoma kwao na majibu hayajaja. Mtoto asije akanyimwa masomo kwa ajili ya ulimi wa nyanyake. Basi na tuseme Wakubwa, nayo viza tuiache ipite salama.

Wakubwa walikuja na kitu walichokiita ushirikiano wa usalama wa kanda. Chifu alipokieleza barazani kilichukua asubuhi nzima, lakini kiini chake kilikuwa hiki: majeshi ya Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania yangekutana kufanya mazoezi msituni upande wa Buyangu, na Wakubwa wangekuwa walimu, wenye ndege, na wenye sufuria. Adui ni nani, hakusema. Gentrix aliuliza, akaambiwa adui ni yeyote. Akasema huyo anamjua, anakaa ng'ambo ya mto na mbuzi wake hawafungwi.

Kabla mwanajeshi hata mmoja hajakimbia msituni, zawadi zilitangulia. Taa za jua zikawekwa kanisani. Ng'ombe wote wakachanjwa, na daktari wa Wakubwa akawapigapiga mgongoni kana kwamba ni wapiga kura. Wenyeviti wa nyumba kumi wakapewa redio za mkononi za kuulizana kama kuna mgeni, na wakawa wanaulizana kutoka kibanda kimoja hadi cha pili, huku wanaonana. Naye Sylvanus, ambaye ni liguru, yaani mzee wa kijiji, akapewa pikipiki ya kuzungukia usalama. Tangu hapo hakuna aliyepata kusalimiana naye mpaka mwisho. Ukisema "mulembe" yuko kwako, anajibu yuko kwa jirani.

Ni pikipiki hiyo iliyomleta mpaka kwenye pampu siku ile ile ya kufunguliwa, na habari iliyomfanya Rosebella aweke kikombe chini. Wakubwa wanauomba uwanja wa Mwibale. Ndege zao zitatua pale wakati wa mazoezi, na baada ya mazoezi watajenga kituo cha ushirikiano, kidogo tu, chenye mlingoti wa mawasiliano. Watazungushia waya. Kutakuwa na geti.

"Geti la kuingilia nani?" Rosebella akauliza.

Sylvanus akasema la kuingilia wenye kazi.

Sasa Mwibale hata watoto wanauchezea mpira, lakini si uwanja wa mpira. Ni uwanja wa mafahali. Huko ndiko wanakopambanishwa alfajiri, umande ukiwa bado mzito, pembe zimechongwa kwa kigae cha chupa, ngoma za isukuti zinalia na wanaume wazima wanakimbia na matawi ya majani kichwani kama wamerukwa na akili. Fahali wawili wanasukumana mpaka mmoja ageuke akimbie. Hakuna refa wala kikombe. Aliyegeuka ameshindwa, na kijiji chake kitakaa na aibu hiyo mpaka pambano lingine.

Mathew, mume wa Rosebella, aliishi kwa ajili ya asubuhi hizo. Alikuwa mtu wa maneno machache kwa watu na mengi kwa ng'ombe. Mwaka jana alipokuwa kitandani, hakuuliza shamba litagawanywaje wala nani atavaa koti lake. Aliomba jambo moja: siku ya ukumbusho wake, Balozi apigane Mwibale, pale pale baba yake Balozi alipopigana. Balozi ndiye fahali wa nyumbani, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na jina hilo alilipata kwa sababu tangu utoto anatembea polepole akitazama watu kama anayekagua gwaride. Rosebella alimshika Mathew mkono akaahidi. Ukumbusho ulikuwa umepangwa Jumamosi baada ya mahindi kuvunwa, na mahindi yalikuwa yameanza kukauka.

Jioni alimfuata Sylvanus nyumbani kwake. Sylvanus ni mtoto wa mdogo wake Mathew, na humwita Rosebella Mama Mkubwa, hivyo ilimbidi amsikilize hata kama pikipiki ilikuwa imewashwa. Akamweleza habari ya ahadi. Sylvanus akakuna kichwa, akasema uamuzi bado, Wakubwa wanataka wananchi wenyewe wakubali barazani siku ya Alhamisi. Lakini nani atakataa? Mchungaji ana taa. Wenyeviti wana redio. Ng'ombe wa kijiji kizima wana chanjo mwilini. "Mimi mwenyewe unaona nimekalia nini," akasema. "Na wewe, Mama Mkubwa, una viza."

"Mimi sina viza. Viza ni ya Nehemiah."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Rosebella akarudi nyumbani. Mdomo uliokunywa maziwa haupigi kelele, hilo alilijua, na wake ulikuwa bado una ladha ya yale maji. Akamkatia Balozi majani ya ng'ombe, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa akimtazama anavyotafuna. Hapo ndipo alipomkumbuka baba mkwe wake, mzee Shivachi, na akaanza kucheka peke yake mpaka fahali akaacha kutafuna.

Shivachi alikuwa na ng'ombe wengi na boma dogo. Watu waliuliza ng'ombe wote wanalala wapi. Wanalala kwa watu. Kila kilima alikuwa na mmoja au wawili wa kuwekwa, kwa mjane huyu, kwa kijana yule aliyeoa juzi, hata kwa Wanandi huko juu ambao watu wengine walikuwa wakirushiana mishale nao. Anayekupa ng'ombe wa kuweka anakuambia: maziwa ni yako, samadi ni yako, ng'ombe ni wangu. Mwenyeji anafurahi, watoto wanakunywa. Lakini tangu siku hiyo, Shivachi akipita, kiti kinatolewa. Kukiwa na mgeni kijijini, Shivachi anajua kabla mgeni hajaketi. Kukiwa na baraza, nyumba zote zenye maziwa zinaona jambo jinsi Shivachi anavyoliona. Maisha yake yote hakumpiga mtu hata kofi, na hakuna aliyethubutu kumpita bila salamu. Mama mkwe alikuwa akisema mume wake ana miguu miwili na kwato mia mbili.

Na hawa Wakubwa, Rosebella akawaza, ni Shivachi mtupu. Pampu yao ni ng'ombe. Pikipiki ni ng'ombe. Redio ni ng'ombe anayelia krr krr. Wamewaweka kwetu, wamewaweka Uganda, wamewaweka Rwanda, na wakipita kila mtu anatoa kiti. Hakuwachukia hata kidogo. Kusema kweli aliwastahi, kama mtu anavyomstahi mchezaji wa bao anayejua kula kete bila haraka. Ila katika mambo ya ng'ombe wa kuwekwa, walikuwa wamesahau kitu kimoja. Hata wao wana mikono ya kushika kamba.

Alhamisi baraza lilijaa. Aliyekuja kuomba uwanja alikuwa kapteni wa Wakubwa, mwanamke mrefu mwenye jina refu kuliko yeye, ambalo hakuna aliyeliweza. Wanawake walikuwa wamempa lingine, Navalayo, kwa sababu alitembea kama marehemu Navalayo wa ng'ambo ya mto, yaani kama mtu aliyechelewa kanisani. Kiswahili alikisoma chuoni kwao, nacho kilikuwa safi kama cha taarifa ya habari. Alimwamkia kila mtu shikamoo, na kwa kuwa huku kwetu salamu hiyo si ya kila siku, wazee wengine walimjibu "mzuri sana." Kando yake alisimama Meja Kipkemboi wa jeshi la Kenya, mtu wa kutoka upande wa Nandi, mpole, mwenye macho ya kusinzia ambayo hayakupitwa na kitu.

Navalayo alizungumza vizuri. Alisema hawakuja kuchukua ardhi ya mtu. Alisema usalama wa Iguhu ni usalama wa kanda na usalama wa kanda ni usalama wa kwao. Alisema rafiki wa kweli ni yule mnayetoa na kupokea naye. Mchungaji akapiga makofi, na wenyeviti wakapiga makofi kwa mkono mmoja, wa pili umeshika redio.

Rosebella akasimama. Sylvanus akafumba macho.

"Huyu binti yangu amesema vizuri," Rosebella akasema. "Mimi nakubali."

Sylvanus akafumbua jicho moja.

Rosebella akaendelea. Kutoa na kupokea ni jambo jema, lakini mpaka sasa Wakubwa ndio wanaotoa peke yao, na kijiji kinachopokea tu kitaonekana hakikulelewa. Kwa hiyo yeye ameleta kitu. Akageuka, akamwashiria Gentrix, na Gentrix akatokea nyuma ya ofisi ya chifu akimvuta Balozi, ambaye aliingia barazani polepole akiwakagua watu kushoto na kulia. Mpiga picha wa Wakubwa alichangamka kama aliyeona mvua.

"Anaitwa Balozi," Rosebella akasema, na akalisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, asije mtu kudai baadaye kwamba alinong'ona. "Ni fahali wa marehemu mume wangu. Leo namweka kwako. Ng'ombe ni wangu, nyasi ni zako. Samadi utatumia. Akiugua, utaniambia mimi kwanza. Nitakujanga kumwona siku ninayotaka, na sitakuja peke yangu, na sitaomba ruhusa, kwa sababu mtu haombi ruhusa kumwona ng'ombe wake. Kwetu kukiwa na shughuli, utamleta wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama," Navalayo akasema, mkono kifuani. "Ni heshima kubwa sana kwetu."

Meja Kipkemboi alikohoa. Akainama kumwambia neno sikioni, lakini Navalayo alikuwa amekwisha kuishika kamba, anatabasamu, na kamera inalia kachakacha. Vigelegele vikapaa. Wazee walioelewa walitazamana, wakatazama chini, na mabega yao yakaanza kutikisika.

Watu walipokuwa wakitawanyika, Kipkemboi alimsogelea Rosebella akamwambia polepole kwamba kwao pia wanawekanga.

"Najua, mwanangu," Rosebella akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nakutazama wewe tu."

"Sasa kapteni nimwambieje?"

"Mwambie anakula asubuhi na jioni."

Waya ulipigwa Mwibale, hema zikasimama, geti likawekwa na mlinzi. Mlinzi wa asubuhi ya kwanza alikuwa Koplo Oduor, kijana wa Kenya kutoka Ugenya, na amri aliyopewa ilikuwa fupi: raia haingii. Rosebella akafika na Gentrix na kikapu cha majani ya viazi vitamu. Oduor akamwambia kwa heshima kwamba raia haingii. Rosebella akasema ni sawa kabisa, amri ni amri, lakini yeye hakuja kama raia, amekuja kama mwenye ng'ombe. Oduor akafikiri. Babu yake mwenyewe aliwahi kuwa na ng'ombe waliowekwa kwa watu, na alijua kinachompata mtu anayemfungia mwenye mali nje. Akafungua geti, akauliza na yule mwingine ni nani.

"Mimi ni shangazi wa ng'ombe," Gentrix akasema, akapita.

Kufikia wiki iliyofuata Balozi alikuwa amepata mashangazi wengi. Wajomba hawakukosekana. Hata Sammy, mwenye fahali aitwaye Stima, ambaye ndiye angepambana na Balozi siku ya ukumbusho, aliingia akisema amekuja kumjulia hali. Alimzunguka mara kadhaa akimpima shingo kwa macho, akatoka na uso wa mtu aliyeona mambo.

Na mwenye ng'ombe akija, sharti apewe kiti na chai. Kiti kilikuwepo, cha kukunja. Chai ya wanajeshi ilikuwa maji ya moto yaliyosikia habari za majani ya chai, hivyo Rosebella akaja na tangawizi yake na kumfundisha mpishi. Akawa anakaa pale kila asubuhi, kikombe mkononi, na habari zikawa zinamjia zenyewe kama kuku wanaoona mahindi. Alijua kanali wa Rwanda hali pilipili. Alijua Watanzania wanaona ugali wa hapa ni mweusi na Waganda wanaulizia matoke. Alijua mlingoti utasimama wapi, na akashauri usogezwe kidogo, kwa kuwa pale ndipo mafahali wanapoingilia. Ukasogezwa.

Navalayo naye alianza kumtafuta. Balozi amekataa kula. Balozi anapiga kwato usiku kucha. Rosebella akaagiza molasi kutoka Mumias ichanganywe na majani, akaagiza banda la giza, maana fahali wa kupigana hakai peupe akishangaa ndege. Wanajeshi wakamjengea banda la mabati mapya, na Sylvanus alipoliona alishuka kwenye pikipiki, akalizunguka, akasema kwa uchungu kwamba nyumba yake mwenyewe inavuja.

Asubuhi moja Navalayo aliketi karibu naye na kikombe chake cha tangawizi.

"Mama," akasema, "wakuu wangu wananiuliza kwa nini kambi yangu ina mashangazi. Nimewajibu kwamba nilishika kamba. Hawajaelewa. Meja ameniambia mimi ndiye wa mwisho kuelewa." Akamgeukia. "Ulinitega?"

"Sikukutega. Si nilisema yote, ukaitikia?" Rosebella akapuliza chai. "Wewe umeweka maji kwetu, na ukipita tunasimama. Mimi nimeweka fahali kwako, na nikipita unasimama. Tunasimamiana. Ubaya uko wapi?"

Navalayo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Alisema nyanya yake kule kwao ni mfugaji, na angempenda Rosebella, au angemwogopa. Halafu akauliza kama kuna jambo lolote ambalo Mama angependa asaidiwe, lolote tu. Picha ya Nehemiah ikampitia Rosebella akilini, Nehemiah na karatasi zake na subira yake. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Akalimeza pamoja na chai. Ukiomba maziwa lazima ushike kamba, na yeye alipenda mikono yake ilivyokuwa mitupu.

"Lipo moja," akasema. "Mahindi yamekauka. Ukumbusho wa mume wangu ni Jumamosi, na utamleta Balozi hapa Mwibale apigane, kwa mkono wako kama ulivyokubali. Sasa tazama huu waya wenu. Umezunguka kote."

"Ni kwa usalama."

"Fahali aliyeshindwa lazima apate njia ya kukimbilia, binti yangu. Ukimfungia ndani na aliyemshinda, mmoja atakufa, na akifa ameua watu kwanza. Upande wa mto waya utoke. Na upande wa barabara, kwa ajili ya watu."

Meja Kipkemboi, ambaye alikuwa amesimama nyuma yao akijifanya anakagua hema, alisema kwamba hilo hata jeshini wanalijua, adui humwachii ukuta mgongoni. Navalayo akaenda kupiga simu. Alizungumza muda mrefu, akitembea huku na huku kama aliyechelewa kanisani kweli kweli, na aliporudi alisema wamekubali, ila kwa siku hiyo moja tu.

"Siku moja inatosha," Rosebella akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kidogo tu kwa jirani.

Jumamosi ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, na isukuti zilianza kusikika kabla watu hawajaonekana. Walikuja kutoka kila upande, wenye matawi, wenye filimbi, wenye fimbo, wazee waliokwisha kuambiwa na daktari wasipande mlima. Maofisa wa nchi zote walikuwa wamepangiwa viti, na yule wa Uganda, aliyezaliwa upande wa Mbale, aliacha chake mara ngoma zilipokaribia, na hakurudi. Rosebella alisimama kwenye jiwe na kanga yake ya ukumbusho, picha ya Mathew kifuani.

Kisha Balozi akatoka ukunguni. Navalayo alikuwa mbele yake na kamba, buti zimejaa matope, tawi limechomekwa kwenye kofia, na wanajeshi wake nyuma wakiimba wimbo ambao wanawake walikuwa wamewafundisha na ambao, kwa bahati nzuri, hawakuelewa maneno yake. Kule ng'ambo Stima alikuwa ameanza kuchimba udongo. Kamba zikatolewa.

Walikutana kwa kishindo ambacho watu walikisikia kwenye mbavu. Pembe kwa pembe, paji kwa paji, wakasukumana mpaka majani ya Mwibale yakang'oka na udongo mweusi ukaonekana, pale pale ambapo baba yake Balozi aliung'oa, na Mathew akiwa kando, koti amelitupa chini. Rosebella hakupiga kelele. Alikuwa akimwona Mathew waziwazi, jinsi alivyokuwa akiinamisha kichwa chake mwenyewe fahali wake anapoinamisha. Balozi alisukuma, akasukuma, Stima akarudi hatua, watu wakanguruma. Halafu Balozi akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyeshiba, akafikiri, akageuka, akakimbia.

Alipita upande wa mto, pale ambapo waya ulikuwa umetolewa, na wanajeshi wa mataifa kadhaa nyuma yake wakiwa na kamba, redio na ushauri. Alivuka mto, akapanda kilima, akapitia sokoni ambako mama mmoja wa nyanya aliokoa meza yake kwa kuikalia. Walimkuta kwenye pampu. Alikuwa anakunywa kwenye karai, kwa utulivu, akiwatazama kana kwamba wao ndio waliochelewa.

Kwenye uwanja Sammy alikuwa amebebwa juu juu. Rosebella alikuwa ameketi juu ya jiwe lake, anacheka, machozi yanatiririka juu ya fremu ya picha. Baba yake Balozi naye, mara ya kwanza, alikimbia hivyo hivyo mpaka kwa padri. Na Mathew hakuomba ashinde. Aliwajua ng'ombe. Aliomba apigane.

Navalayo alirudi kwa miguu akimwongoza fahali, matope mpaka kwenye nyusi, uso umemshuka. Akamnyooshea Rosebella kamba mbele ya watu wote.

"Nimekuaibisha, Mama. Mchukue ng'ombe wako."

Rosebella aliitazama ile kamba kama mtu aliyeletewa kaa la moto.

"Mchukue vipi? Fahali aliyeshindwa harudi kwa mwenyewe na aibu yake. Anakaa alipokuwa mpaka ashinde."

"Mpaka ashinde?" Navalayo akauliza. "Atapigana tena lini?"

"Hayo ni mambo ya ng'ombe. Labda Krismasi. Labda Pasaka."

"Na waya?"

"Sasa mfunge, mfungue, mfunge tena, mfungue tena? Mtachoka bure."

Navalayo akamtazama Kipkemboi. Kipkemboi akatazama mawingu, kwa makini, kama mtu aliyetumwa kuyahesabu. Ofisa wa Uganda, aliyekuwa na matawi hata masikioni, akasema kwao ni vivyo hivyo, fahali harudishwi na aibu. Basi Navalayo akaizungusha kamba mkononi mwake tena, na mara hii alijua anachokishika, na bado alitabasamu.

Watu wakaenda nyumbani kwa Rosebella kula. Kulikuwa na obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, na Watanzania walikula ule ugali mweusi mpaka sufuria ikasuguliwa. Waya wa upande wa mto ulibaki umeviringishwa kando, na kabla ya wiki kwisha Gentrix alikuwa ameshaona kwamba kipande chake kinafaa kwa kuanikia nguo.

Jioni, wageni walipopungua, Rosebella alikwenda kwenye kaburi la Mathew na kikombe cha maji ya pampu, akamwambia kwa kifupi yaliyotokea: Balozi amepigana, amekimbia kama baba yake, na sasa Wakubwa wanatuchungia. Gentrix alikuja akasimama nyuma yake. Akauliza jambo lililokuwa likimwasha tangu asubuhi. Kila mtu anajua fahali wa kupigana halishwi siku ya pambano. Sasa ni nani aliyeonekana alfajiri akiingia getini na kikapu kizima cha majani ya viazi?

Rosebella akasema masikio yake siku hizi hayasikii vizuri ikifika jioni. Akanywa maji yaliyobaki kikombeni, akayazungusha mdomoni. Yalikuwa matamu bado.